HESABU NJIA PAMOJA NA NYUMBA

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni)

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mtu aliyepata kazi katika kaunti nyingine, mbali na kwao, naye hana budi kutafuta nyumba ambayo mshahara wake utaiweza, tena isiyo mbali na kazi yake.

Sisi tunaokaa Kahawa Sukari twawaona watu hao daima. Kila mwisho wa mwezi magari madogo ya mizigo huingia mtaani yakiwa yamebeba kitanda, godoro, mtungi wa gesi na ndoo za plastiki. Huyu ametoka Busia, yule Kitui, mwingine Taita. Wengine wamekuja kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ng'ambo ya barabara, au katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nacho. Wengine huenda viwanda vya Ruiru na Thika, na wengi huenda Nairobi mjini, safari ya kilomita 20 hivi. Wako pia waliohama bila kuchagua. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuwapeleka walimu wakuu wengi mbali na kaunti zao za nyumbani, na wengi wao walilazimika kutafuta nyumba mahali wasipomjua mtu.

Zamani nchi hii kati ya Nairobi na Thika ilikuwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Hata mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yalichukua jina lake hapa. Leo penye mibuni pamesimama nyumba za ghorofa. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, watu waliifuata barabara, na magari yakawafuata watu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 238,000. Kufikia hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 490,000, na Ruiru ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Basi mgeni asishangae akiambiwa kwamba chumba alichokiona jana kimekwisha kuchukuliwa leo.

Je, ndugu msikilizaji, mtu huyu afanyeje? Wengi huuliza swali moja tu: kodi ni shilingi ngapi? Swali hilo ni jema, lakini ni nusu ya swali. Wazee wetu walisema, rahisi huvunja upishi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nyumba moja iko karibu na kazi yako, nayo kodi yake ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Nyingine iko mbali, nayo ni shilingi 7,000. Ya pili yaonekana kukuokolea shilingi 5,000. Lakini kutoka huko walipa nauli shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 za kazi. Hiyo ni shilingi 5,200. Akiba yako imekwisha kuliwa na matatu, na hatujataja siku ya mvua, ambapo nauli hupanda kabla ya maji kufika mtaroni. Tena hesabu saa. Saa moja na nusu asubuhi, na saa moja na nusu jioni, ni saa tatu kila siku. Kwa siku 26 ni saa 78. Hizo ni siku tatu nzima, mchana na usiku, zilizotolewa katika mwezi wako, ukiwa umeketi ndani ya gari lisilokwenda.

Twamjua mama mmoja muuguzi aliyehamia pande hizi kutoka magharibi mwa Kenya. Alipata nyumba ya vyumba viwili ndani kabisa, mbali na lami, kwa bei iliyomfurahisha. Asubuhi alipanda pikipiki hadi barabarani, kisha matatu hadi mjini. Alitoka saa kumi na nusu alfajiri, akarudi saa mbili na nusu usiku. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amelala alipotoka, na amelala aliporudi. Jumapili moja mtoto yule alijikwaa akaanguka, akainuka akilia, akampita mama yake, akamkimbilia yaya.

Mama yule hakusema neno. Mwezi uliofuata alihamia chumba kimoja chenye choo na jiko ndani, karibu na kazi yake. Kabati lake halikuenea, akamwachia jirani. Lakini sasa humlisha mwanawe chakula cha jioni kwa mkono wake mwenyewe. Alituambia ya kwamba nyumba ile ya kwanza haikuwa ya bei nafuu hata kidogo.

Basi, ninyi mnaotafuta nyumba, pokeeni mashauri machache. Kwanza, kabla ya kutoa fedha, nenda steji ya mahali hapo siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, ukaone foleni kwa macho yako. Mwenye kazi Thika au Ruiru akikaa Kahawa hupata nafuu moja: asubuhi yeye huenda huku umati ukielekea Nairobi. Uliza pia habari za treni ya abiria itokayo Ruiru kupitia Kahawa na Githurai, kwa maana treni haikai foleni.

Pili, nyumba njema si mlango. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka, uliza huja siku ngapi kwa juma, nawe uwaulize wapangaji wenyewe, wala si mwenye nyumba peke yake.

Tatu, usitume dipoziti kwa simu kwa ajili ya nyumba ambayo hujaingia ndani yake. Sheria ya Kenya yamtaka wakala wa nyumba awe amesajiliwa. Mwulize cheti chake, udai mkataba ulioandikwa, na risiti ya kila shilingi.

Nne, kama waweza, kaa kwa ndugu au upange chumba kidogo mwezi mmoja kwanza, mpaka uijue njia. Haraka haraka haina baraka.

Serikali nayo imeona shida hii. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliagiza asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi itolewe kwa ajili ya ujenzi. Lakini nyumba hujengwa kwa miaka, na aliyehamishwa mwezi huu ataka mahali pa kulala mwezi huu huu.

Kwa hiyo twageuka sasa kwenu ninyi wenyeji, na kwetu sisi wenyewe. Ni nani ajuaye ploti ipi haina maji, na ni wakala yupi ameingiza watu watatu katika chumba kimoja kwa dipoziti tatu? Ni sisi. Mgeni akituuliza njiani, nasi tukamjibu kwa haraka, "Zunguka tu, utapata," tumemnyima kitu ambacho kwetu hakina gharama. Katika torati, Waisraeli wanapoagizwa kumtendea mgeni haki, mara nyingi hukumbushwa ugeni wao wenyewe kule Misri. Na hapa Kahawa Sukari ni nani aliyezaliwa chini ya mibuni ile? Karibu sote tuliingia na godoro juu ya gari.

Juma hili, mpendwa msikilizaji, mgeni akifika kazini mwako, usimwulize tu atoka wapi. Mwulize alala wapi, na huamka saa ngapi ili afike. Kama wajua chumba kizuri kilicho wazi, mwambie leo, kabla wakala hajamwambia. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye chumba hicho, mwambie kodi ya kweli.

Mungu awalinde walio njiani alfajiri na usiku, na awape wageni mlango wa kuingilia. Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini.