Bei ya Kisichouzwa

Hewa safi, ufuo usio na uchafu na ndege wa majini havina bei sokoni. Vikiharibiwa, njia mojawapo ya kukadiria hasara ni kuwauliza wananchi wako tayari kulipa kiasi gani ili vitunzwe. Ugumu uko katika kuuliza kwenyewe, maana namna ya swali inaweza kukibadili kiasi kinachotajwa.

Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika Prince William Sound, Alaska, ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Jimbo la Alaska liligharimia utafiti wa kukadiria hasara hiyo. Mwaka 1991 wahojaji walibisha hodi majumbani mwa Wamarekani, wakahoji watu 1,043. Waliwatandikia ramani na picha, wakawaeleza mpango wa vyombo vya kusindikiza meli za mafuta, kisha wakauliza: kura ya kuidhinisha mpango huu kwa kodi ya mara moja ingepigwa leo, ungesema ndiyo au hapana? Wengine walitajiwa dola 10, wengine 30, 60 au 120. Kaya ya katikati ilikadiriwa kuwa tayari kutoa kama dola 31. Kwa kaya zipatazo milioni 90, hasara ikafika dola bilioni 2.8.

Uchunguzi uliogharimiwa na Exxon, kampuni ya mafuta yenye meli hiyo, ukaitilia shaka njia hiyo ya kuuliza. Kundi moja la watu liliulizwa lingelipa ngapi kufunika madimbwi ya mafuta machafu kwa nyavu ili ndege 2,000 wasife. La pili, ndege 20,000. La tatu, 200,000. Wastani ulikuwa dola 80, 78 na 88. Ndege waliongezeka mara mia, fedha haikusogea sana. Hoja hiyo ni nzito, lakini wahojiwa hao walijaza dodoso wenyewe kwenye maduka makubwa, na mtu aliyetoka kununua mahitaji hapati utulivu wa kupima swali kama hilo.

Hata mwelekeo wa swali una uzito. Katika utafiti wa 1974, wawindaji wa bata walikuwa tayari kulipa wastani wa dola 247 ili wasikose uwindaji, ila walidai 1,044 ili wauache.

Mwaka 1993 jopo la kuichunguza njia hii, lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, washindi wa Nobeli ya uchumi, lilipendekeza mahojiano ya ana kwa ana badala ya dodoso la posta, swali la kulipa badala ya kufidiwa, na jibu kwa mfano wa kura. Mhojiwa akumbushwe pia kwamba fedha hiyo itapunguza matumizi mengine ya nyumbani kwake.