Wafalme wa Kwanza wa Misri na Umoja wa Inchi



Kitambo Misri ilikuwa inchi mbili: kusini taji nyeupe, kaskazini taji nyekundu. Karibu mwaka 3100 mbele ya Kristo, mfalme Narmer alivaa zote mbili. Jiwe lenye sura yake lilichimbuliwa kule Hierakonpolis mwaka 1898.

Lakini inchi kuunganishwa ni jambo moja, kukaa pamoja ni jambo lingine. Katika ukoo wa pili, mfalme Peribsen aliondoa ndege wa mungu Horus juu ya jina lake, akaweka mnyama wa Seti. Nyuma yake akaja Khasekhemwy. Yeye akaweka wote wawili pamoja.

Ndugu, anayetaka umoja asifute alama ya mwenzake.