Haki ya Kusikilizwa kwa Dereva Aliyesimamishiwa Leseni



Leseni ya udereva ni kitu chepesi mkononi, lakini uzito wake huonekana siku inapochukuliwa. Dereva wa gari ya abiria aliyesimamishiwa leseni hapotezi ruhusa ya kushika usukani tu, bali hupoteza na riziki ya nyumba yake. Tajiri wa gari naye hatosubiri. Kesho yake usukani huo hushikwa na mwengine. Kwa hivyo suala la utaratibu wa kusimamisha leseni haliwahusu madereva peke yao. Linamhusu pia mtumishi anayetia saini barua ya kusimamisha.

Wapo wanaodhani kuwa leseni ni hisani ya Serikali, na kwamba aliyetoa hisani ana khiari ya kuiondoa apendavyo. Dhana hiyo iliwahi kuwa na nguvu hata huko Marekani, na miongoni mwa hukumu zilizoipunguza nguvu ni ile ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya tarehe 24 Mei, 1971, katika kesi ya Bell dhidi ya Burson. Hukumu za Marekani hazizifungi mahakama za Zanzibar. Hata hivyo kisa chenyewe kinaeleza vizuri nini maana ya kusikilizwa.

Bwana Bell alikuwa mchungaji wa kanisa katika jimbo la Georgia, na kazi yake ilimlazimu kwenda kwa gari katika jamii tatu za shamba. Jumapili moja ya Novemba 1968, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akiendesha baiskeli aliigonga gari yake ubavuni. Wazazi wa mtoto walipeleka taarifa kwa mamlaka ya jimbo wakidai fidia ya dola 5,000. Mchungaji hakuwa na bima, na sheria ya Georgia ilimtaka dereva wa namna hiyo aweke dhamana ya fedha zinazodaiwa, la sivyo leseni yake pamoja na usajili wa gari yake visimamishwe.

Mchungaji aliomba kusikilizwa, na akaitwa. Alikuwa tayari kutoa ushahidi kwamba ajali ile haikuwa kosa lake, lakini ushahidi huo haukupokelewa. Kilichoangaliwa ni kama ameweka dhamana, au kama anaingia katika misamaha iliyotajwa na sheria. Alipewa siku 30 atimize sharti au leseni isimamishwe. Alikata rufaa katika mahakama ya jimbo, na huko akaruhusiwa kueleza. Mahakama ikaona kuwa hana kosa. Mamlaka nayo haikuridhika, ikakata rufaa ngazi ya juu na ikashinda, kwa hoja kwamba sheria haijali nani mwenye kosa. Ndipo shauri likafika Mahakama ya Juu.

Majaji wa Mahakama ya Juu waliliangalia jambo kwa upande mwengine. Walisema kuwa leseni ikishatolewa, kuendelea kuwa nayo huweza kuwa jambo la lazima katika kutafuta maisha, kwa hivyo haiwezi kuondolewa bila ya utaratibu wa haki. Kisha wakaona kuwa sheria ya Georgia yenyewe iliruhusu leseni irejeshwe iwapo dereva atathibitika mahakamani kuwa hawajibiki na ajali. Ikiwa kuwajibika ni kiini cha uamuzi, mkutano usiogusa kiini hicho haukuwa wa kumsikiliza mtu, ulikuwa wa kumwita tu. Haikuhitajika kesi kamili. Ilitosha kupima, kabla ya kusimamisha, kama upo uwezekano wa maana wa dereva kuja kuamriwa kulipa fidia.

Hata hivyo asije dereva akadhani kuwa kila anayekata rufaa hushinda. Mwaka 1977, katika kesi ya Dixon dhidi ya Love, dereva wa lori wa Chicago alilalamika kuwa leseni yake ilifutwa bila ya kusikilizwa kwanza. Alishindwa. Uamuzi dhidi yake ulitokana na hukumu za makosa ya barabarani alizokwishapata mahakamani, naye hakuzipinga. Nafasi ya kusikilizwa baada ya leseni kufutwa ilionekana inatosha. Mwaka 1979, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo hiyo ilikubali pia utaratibu wa Massachusetts wa kusimamisha leseni kwa siku 90 kwa anayekataa kupimwa pumzi kwa ajili ya ulevi, kwa kuwa dereva aliweza kusikilizwa mara tu baada ya kusalimisha leseni.

Kesi hizi zikiwekwa pamoja, zinaonyesha mahali pa kuipiga rufaa. Rufaa huipiga sababu ya uamuzi. Kueleza idadi ya watoto na deni la duka huweza kusaidia pale sheria inapotoa nafasi ya kuangaliwa shida, lakini hakujibu swali kama kosa lilitendeka, kama jina lililoandikwa katika kumbukumbu ni la dereva yule yule, au kama aliyesimamisha alikuwa na uwezo huo kisheria. Kwa hivyo barua ya uamuzi, nakala ya hukumu na stakabadhi za faini zisitupwe. Na tarehe ya kupokea barua iandikwe siku ile ile, kwani rufaa ina muda wake, na muda huo hauhesabiwi kuanzia siku mtu aliyopata wakili.

Kwa upande wa afisi, Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinataja fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Barua isemayo tu kuwa leseni imesimamishwa “kwa mujibu wa sheria” haimwambii mwananchi ajitetee juu ya nini, na hakimu naye hapati cha kupima.

Limebaki jambo moja linalowaponza wengi. Kuwasilisha rufaa ni jambo moja, na kuruhusiwa kuendesha gari wakati rufaa inasubiriwa ni jambo jengine. Katika England na Wales, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 imeipa mahakama iliyomzuia dereva uwezo wa kusitisha zuio hilo hadi rufaa isikilizwe, na uwezo huo ni wa khiari ya mahakama. Dereva asiyekuwa na amri ya namna hiyo mkononi, gari na aiache nyumbani.