Tuwafungulie Watoto Kabati la Vitabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Riruta)



Twataka kusema machache juu ya watoto wetu wadogo walioko shuleni. Shauri letu ni moja: mtoto hapendi kitabu kwa kuamriwa, hukipenda kwa kukizoea, wala hawezi kukizoea kitabu kilichofungiwa kabatini.

Mjini Nairobi iko maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika aliwatazama simba wake wa mawe akiwa nje, kwani hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka ilipofika mwaka 1958. Mlango ule ulifungwa kwa sababu ya rangi. Lakini leo, katika vitongoji vyetu, iko milango tunayoifunga kwa mikono yetu wenyewe. Shule hupata vitabu vya hadithi. Vikahesabiwa, vikapigwa mhuri, vikatiwa kufuli visije vikapotea. Mwisho wa mwaka huhesabiwa tena, navyo vyote vipo, tena visafi, wala hapana mtoto aliyevisoma. Sisi tulio makarani twajua thamani ya hesabu iliyo kamili. Lakini kitabu si shilingi. Faida yake ni kuchakaa mikononi mwa watu.

Mwalimu tusimlaumu upesi, maana kikipotea kitabu kimoja yeye ndiye huulizwa. Basi mzigo huo yatupasa tumsaidie kuubeba.

Serikali iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2003. Mwaka 2015 ulianza nchini kote mpango wa Tusome, uliokusudia kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Hayo ni mema. Hata hivyo, kitabu cha masomo humfundisha mtoto kusoma. Kitabu cha hadithi ndicho kimfanyacho atake kusoma.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. Kwanza, tuwaombe walimu wawasomee watoto hadithi kwa sauti, dakika kumi kila siku kabla ya kwenda nyumbani, pasipo mtihani wala kiboko. Pili, kila Ijumaa mtoto achukue kitabu kwenda nacho nyumbani, akirudishe Jumatatu. Nacho chama kitenge fungu dogo la fedha la kulipia vitakavyopotea au kuraruka. Tatu, sisi wazazi tuwasikilize. Mzee asiyejua hata herufi moja aweza kumwambia mjukuu wake, "Nisomee," naye mtoto akajiona mtu mwenye jambo la kuwapa wakubwa. Bibi zetu walitusimulia hadithi jioni kando ya moto, wala hawakututahini. Nasi tulizipenda hadithi hizo mpaka leo. Na wale wakaao karibu na Kibera wawapeleke watoto katika maktaba ya umma iliyoko huko.

Huenda mtu akauliza, "Fedha za kulipia vitabu vilivyopotea, si hasara hiyo?" Twajibu kwamba hasara iliyo kubwa zaidi ni mtoto amalizaye shule akiwa hatamani tena kufungua kitabu maishani mwake. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Twauomba mkutano huu uyakubali mashauri haya, ili kufuli hizo zifunguliwe muhula ujao.