KAZI YA KUMWANDIKIA MTU HOTUBA



Mmetuita tuwaeleze kazi yetu, kwa sababu wanachama kadha, na hasa makarani waliopunguzwa kazini, wameuliza kama mtu aweza kupata riziki kwa kalamu bila kuandikwa na mwajiri. Aweza, lakini kwa masharti, na mengine ni machungu. Tutasema yote.

Kazi yenyewe ni hii. Meneja, au mwenyekiti wa chama cha ushirika, au mbunge, ana siku ya kusimama mbele ya watu. Hana nafasi ya kuandika, au hawezi. Anatutafuta sisi. Tunaandika, yeye anasoma, na watu wanampigia makofi yeye. Siku nyingine hataki hotuba, ataka shauri tu: awaambie nini wafanyakazi juu ya mashine mpya, barua gani ipelekwe magazetini, nani aseme na nani anyamaze. Hiyo nayo ni kazi, na ina malipo yake. Mshahara wa mwezi hatuna, likizo ya malipo hatuna, posho ya nyumba hatuna. Sisi ni vibarua wa kalamu. Wala msituonee haya kwa neno hilo, maana kibarua asili yake ni barua ndogo tu, kile kikaratasi alichopewa mtu kuhesabia siku zake za kazi.

Wengine hudhani kazi hii imeletwa juzi na wanasiasa. Sivyo. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika mji wa Athens huko Ugiriki, mtu mwenye kesi ilimpasa aseme mwenyewe mbele ya baraza, hata kama hajui kusema. Basi palikuwa na watu waliowaandikia wenzao maneno ya kusema, kwa malipo. Mmoja wao alikuwa Lysias. Yeye hakuwa raia wa mji ule; alikuwa mgeni mkaaji. Jamaa zake walikuwa na karakana ya kutengeneza ngao, yenye watumwa 120, kwa hiyo hatusemi kwamba alikuwa mfanyakazi mwenzetu. Mwaka 404 kabla ya Kristo mji ulishikwa na watawala 30 wakatili, wakamwua ndugu yake na kuichukua mali yao. Baada ya hapo Lysias akaishi kwa kuandikia watu hotuba.

Katika hotuba zake zilizobaki iko moja ya mtu kilema aliyekuwa akipata posho ya mji, obol moja kwa siku, fedha kidogo sana. Mtu mmoja akamshtaki kwamba si kilema wa kweli, kwa kuwa ameonekana amepanda farasi. Tazameni Lysias alivyomjibia. Hakumpa yule maskini maneno makubwa ya wakili. Alimfanya aseme kama maskini mwenye ulimi: kwamba farasi ni wa kuazima, na kama angekuwa na mali angepanda nyumbu wake mwenyewe mwenye tandiko zuri, na kwamba yeye hutembea kwa fimbo mbili ilhali wengine hutumia moja, mbona fimbo hizo hazitajwi kuwa ushahidi wa uzima wake? Mtu anacheka, na huku anaona haki iko wapi.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu yote. Lazima maneno yatoshe kinywa cha atakayeyasema. Kwa hiyo mteja akija hatuanzi kuandika. Tunamwacha aseme hata saa nzima, nasi tunasikiliza maneno anayoyapenda, na mahali anapokasirika kweli. Mtu ambaye hajawahi kusema “aidha” maishani mwake, usimpe “aidha” mbele ya umati. Tena tunampimia kwa saa, tukiisoma hotuba kwa sauti. Vitabu vya Kiingereza vina hesabu ya maneno kwa dakika, lakini hesabu hiyo haitufai, maana neno letu moja, kama “hatutawalipa”, kwao ni maneno matano. Na msemaji akiiacha karatasi yako katikati, usinune. Tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, Martin Luther King alianza na maneno ambayo mwanasheria wake Clarence Jones alisaidia kuyaandika, kisha akaiacha karatasi na kusema ya moyoni. Hayo ya moyoni ndiyo dunia inayoyakumbuka.

Sasa fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda mtu aliyeajiriwa; sisi tunaouza kazi kwa kipande hatumo. Ulinzi wetu ni karatasi ya mapatano: kazi gani, lini, kwa kiasi gani, masahihisho mara ngapi. Twataka nusu mbele. Na jueni kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Kampuni ikikulipa ikakata asilimia 5 ya kodi, dai hati yake. Kampuni moja ilitwambia hotuba yetu haikupendeza, hailipi. Lakini mkurugenzi alikuwa ameisoma mbele ya watu, neno kwa neno. Tulikuwa na mapatano yenye sahihi. Tulipotaja Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shs. 1,000,000, hundi ilifika kabla ya juma kwisha.

Jambo zito ni hili jingine. Mwajiri mmoja alitutaka tumwandikie meneja hotuba ya kuwaambia wafanyakazi kwamba wengi wao kazi imekwisha, na mwisho ni Ijumaa ile ile. Malipo yalikuwa mazuri. Tukauliza: chama chao kimepewa barua? Maana kifungu cha 40 cha sheria ile ile ya 2007 chataka chama na ofisa wa kazi wapewe taarifa si chini ya mwezi mmoja mbele, na kila anayepunguzwa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Tukaambiwa hayo hayatuhusu, tuandike tu. Tukasema tutaandika hotuba nyingine, ya kusema barua imepelekwa lini, watu watachaguliwa kwa njia gani, na kila mmoja atapata nini. Hakuitaka. Kazi ikaenda kwa mwingine, na mwezi ule kodi ya nyumba ilitusumbua.

Wako wenzetu wanaosema tulikosa bure, kwa kuwa mwandishi ni kama fundi wa jeneza, hakumwua mtu. Lakini fundi wa jeneza hapimi mtu aliye hai.

Basi karani anayetaka kuingia kazi hii aje na akiba ya miezi michache, na aanzie hapa hapa. Makatibu wa matawi wanahitaji hotuba za Mei 1 kila mwaka, na nyingi tuzisikiazo ni za mwaka jana. Walipeni watakaowaandikia. Nakala ya mapatano yetu tumeiacha kwa Katibu. Anayetaka kuinakili na ainakili. Tuko tayari kwa maswali.