Vitabu vya Upelelezi, vya Safari na vya Ajabu: Je, Vyatufaa?



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya vitabu ambavyo watu wengi huvisoma kwa siri na kuvilaumu kwa dhahiri. Navyo ni hadithi za upelelezi, hadithi za safari za hatari, na hadithi za mambo ya ajabu yasiyokuwapo duniani. Hasa zile zifuatanazo, ambazo kitabu cha kwanza huzaa cha pili, na cha pili huzaa cha tatu, na shujaa ni yule yule. Sisi tunaosema nanyi ni wasomaji wa Bonga, upande wa Babati, kando ya njia kuu itokayo Babati kwenda Kondoa na Dodoma. Kazi yetu ni jembe na mifugo, na vitabu hivi twavisoma jioni, kazi zikiisha. Kwa hiyo maneno yetu ni maneno ya wasomaji tu, wala si ya wataalamu.

Lawama za wazee juu ya vitabu hivi ni tatu. Ya kwanza, vyapoteza wakati. Ya pili, vyafundisha vijana wizi na uuaji, maana kila ukifungua ukurasa wakuta maiti. Ya tatu, ni uongo mtupu. Lawama hizi si za kudharauliwa, nasi wenyewe tulikuwa tukizisema. Lakini twataka kwanza kuwaeleza jambo moja lililotufanya tufikiri upya.

Ilikuwa kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku katika Tanzania, tarehe 1 Juni 2019. Ng'ombe wa jirani yetu, mwenye maziwa mengi, alianza kukonda. Tumbo lilimvimba, akaacha kucheua, na baada ya siku si nyingi akafa. Watu walipokusanyika, mmoja akakumbusha kwamba bibi kizee fulani alipita pale juma lililotangulia, akasimama uani, akamsifu ng'ombe yule. Basi neno hilo likatosha. Wa pili akaongeza, wa tatu akaapa, na shauri likawa kumwita mpiga ramli. Sisi tuliokuwapo tulinyamaza. Hatukuamini sana, lakini hatukutaka kuonekana watu wabishi mbele ya msiba wa mtu.

Palikuwapo kijana mmoja wa darasa la saba, msomaji mkubwa wa hadithi za upelelezi. Akauliza kwa adabu, "Shikamooni wazee. Je, mmekwisha kumtazama ng'ombe ndani?" Wengine wakamkemea, lakini mwenye ng'ombe akasema apasuliwe. Alipopasuliwa, tumboni likatoka bonge kubwa la mifuko ya plastiki, lililosokotana kama kamba. Tumbo la ng'ombe haliwezi kuyeyusha plastiki. Mifuko hukaa humo, ikaongezeka siku kwa siku, hata chakula kikakosa njia. Yule bibi hakuwa na kosa ila kusifu mali ya mwenzake.

Tulipomwuliza kijana yule amepata wapi akili ya kuuliza swali lile, akajibu kwamba katika vitabu avisomavyo mpelelezi hasikilizi uvumi kabla ya kuitazama maiti. Jawabu hilo lilitutia haya sisi watu wazima. Mnajua kwamba katika nchi yetu, hasa upande wa Ziwa Viktoria, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi tu. Mauaji ya namna hiyo huanza na neno kama lile lililosemwa uani, na watu kama sisi walionyamaza.

Basi tuwatazame wapelelezi wenyewe. Mkubwa wao katika lugha yetu ni Bwana Msa, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mwandishi huyo alizaliwa mwaka 1918, akafa mwaka 1991. Kabla ya kuingia kazi ya magazeti mwaka 1948, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Twaona hilo si jambo dogo: mkaguzi wa afya hujifunza kuutafuta ugonjwa katika kisima, katika jaa na katika mtaro, na huko kutazama kwa makini ndiko anakokufanya Bwana Msa. Hadithi yake ya kwanza ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Tajiri amekutwa amekufa mahali pa mizimu, na watu wanadhani ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hamtukani mtu kwa itikadi yake; ila anatafuta mkono wa binadamu.

Baada ya kitabu hicho vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine hata Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Katika vitabu hivi yumo rafiki yake Najum, ambaye, kama sisi, mara nyingi huona yale yale ayaonayo Bwana Msa lakini asitambue maana yake. Hapo ndipo ulipo utamu. Msomaji amepewa dalili zote, naye anashindana na mpelelezi. Akishindwa, anarudi nyuma kurasa thelathini kutazama ni wapi alipopitwa. Twauliza: ni kitabu gani kingine kimfanyacho mtoto arudie kusoma bila ya kuambiwa na mwalimu?

Waingereza nao wana Sherlock Holmes wao, aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle, ambaye alikuwa daktari. Tazameni tena: yule mkaguzi wa afya, huyu tabibu. Holmes alianza katika kitabu mwaka 1887. Mwaka 1893 mwandishi alichoka naye, akamwua katika hadithi. Wasomaji wakanung'unika sana, na miaka kumi baadaye, mwaka 1903, ikambidi Doyle aeleze kwamba shujaa hakufa.

Kisa hiki chaonyesha uzuri wa vitabu vifuatanavyo, na ubaya wake pia. Uzuri ni kwamba msomaji mchanga, akimaliza kimoja, hana haja ya kusukumwa kukitafuta cha pili. Amekwisha kumjua shujaa kama amjuavyo jirani. Kwa njia hii mtoto aliyekuwa akisoma ukurasa mmoja kwa taabu huweza kumaliza vitabu vitano kwa mwaka, na jicho lake likazoea maandishi. Ubaya ni kwamba shujaa asiyeweza kufa hatutii hofu. Mwandishi naye, akiona kitabu kinanunuliwa, huenda akaandika kile kile mara ya pili akabadili majina tu. Kwa hiyo twashauri: kitabu cha nne kikikwambia yale uliyoyajua katika cha pili, kiweke chini bila ya haya, ukatafute mwandishi mwingine.

Sasa twende kwa hadithi za safari na hatari. Za kigeni zililetwa kwetu mapema. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa kwa Kiswahili Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Rider Haggard, na Kisiwa Chenye Hazina, cha Robert Louis Stevenson. Kisiwa Chenye Hazina twakisifu bila ya shaka. Kilitoka kwanza vipande vipande katika gazeti la watoto, kikawa kitabu mwaka 1883, na hata leo mtoto wa Bonga asiyeiona bahari husikia harufu ya chumvi akikisoma.

Mashimo ya Mfalme Sulemani ni kitabu cha kusisimua, lakini twakisoma kwa tahadhari. Haggard alikiandika mwaka 1885, naye aliiona Afrika kwa macho ya wazungu wa siku zile. Humo wageni huwatisha wenyeji kwa kupatwa kwa jua, kana kwamba wenyeji ni watoto wadogo. Watu walipomwonyesha Haggard kwamba mambo yale ya jua hayawezekani kama alivyoyaeleza, katika chapa za baadaye akageuza jua kuwa mwezi. Tena mwovu mkuu wa kitabu ni kikongwe, Gagool, mwenye kunusa wachawi na kuwaua watu. Sisi tuliomwona bibi wa kijijini kwetu akiponea chupuchupu hatuwezi kupita hapo bila ya kusimama. Hatusemi kitabu kifichwe. Twasema mzee akae na kijana, amwulize: "Mbona katika hadithi nyingi mbaya wetu ni mwanamke mzee? Nani amelisema, na kwa faida ya nani?" Kijana ajuaye kuuliza hivyo hatapotoshwa na kitabu chochote.

Waandishi wa Kitanzania nao waliandika safari za hatari zilizo zetu wenyewe. Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alimbuni jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, na Kikosi cha Kisasi, mwaka 1979. Miaka ile Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vita vya Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika Kusini vilikuwa habari za kila siku. Musiba alimtia shujaa wake katika mapambano yale. Vijana waliokuwa hawafungui gazeti walijua habari za ukombozi kwa kumfuata Willy Gamba. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008, naye alimleta Joram Kiango katika Salamu Kutoka Kuzimu na vitabu vingine. Wote wawili wana mwendo wa haraka, nasi twaupenda. Lakini hatutaficha kwamba mashujaa hawa hupiga risasi upesi kuliko wanavyofikiri, na wanawake wengi katika kurasa zile wamewekwa kama pambo au mtego. Vitabu hivi vyawafaa vijana waliokwisha kukua, si watoto wa darasa la nne.

Hadithi za ajabu ndizo zenye lawama kubwa ya uongo. Hapa twasema: uongo una namna mbili. Kuna uongo utakao kuaminiwa, kama ule uliosemwa juu ya bibi kizee. Na kuna uongo ujitangazao wenyewe kuwa uongo, ili mtu auone ukweli kwa nyuma yake. Wa kwanza huua. Wa pili huokoa. Mkumbukeni Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, aliyemsimulia mfalme hadithi usiku baada ya usiku, akiikata mahali patamu ili mfalme asimwue kabla ya kuusikia mwisho wake. Bila ya shaka huyo ndiye mama wa hadithi zote zifuatanazo.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, aliijua sana kazi ya hadithi za ajabu. Katika Adili na Nduguze, mwaka 1952, ndugu wawili wenye husuda wamegeuzwa manyani, na Adili anashurutishwa kuwapiga kila usiku, naye anawapenda. Hakuna asiyejua kwamba mtu hageuki nyani. Lakini kila aliyegombana na nduguye juu ya shamba la baba anajua maana yake. Na katika Kusadikika, mwaka 1951, nchi inaelea angani, na Karama ameshtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Kitabu hicho kilitoka wakati wa utawala wa kikoloni. Neno ambalo lingekuwa hatari kulisema juu ya nchi iliyo chini ya miguu, mwandishi aliweza kulisema juu ya nchi iliyo juu ya mawingu.

Basi hukumu yetu ni hii. Juu ya lawama ya kwanza, wakati hupotea kwa kitabu kibaya cha namna yoyote, hata cha sala kikisomwa bila ya moyo. Juu ya lawama ya pili, hadithi njema ya upelelezi huonyesha uuaji ili ionyeshe jinsi kweli itafutwavyo. Juu ya lawama ya tatu, tumekwisha kujibu.

Nanyi vijana, twawausia mambo matatu. Msisome usiku kucha mkasinzia darasani, maana hapo mwawapa wazee hoja. Mkimaliza kitabu, msimulieni asiyejua kusoma. Nyanya zetu walitusimulia Sungura na Fisi kabla hatujajua herufi, na deni hilo hatujalilipa. Na siku mtakaposikia uani kwa jirani neno likisemwa juu ya mtu asiyekuwapo, ulizeni kwa adabu kama kuna aliyekwisha kutazama ndani.

Yule bibi yungali hai. Hupita njiani asubuhi akaenda shambani kwake, na mara nyingine husimama kumsifu ng'ombe wa mtu. Sisi humwamkia, "Shikamoo, bibi," naye huitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Hajui kwamba kitabu kimoja cha hadithi kilisimama kati yake na ramli.

Kwa leo twaishia hapa. Kwaherini.