JIJI LIKIKOPA, NANI ATATUNZA KILICHOJENGWA?

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama na wafanya kazi waliokutana Kileleshwa, Nairobi. Inapigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.)



Nimeombwa niseme juu ya mikopo ya jiji na kazi zetu. Najua wengi mnadhani mambo ya mikopo ni ya wakubwa wa City Hall na mabenki, na ya kwamba sisi wa fagio, koleo na spana hayatuhusu. Nataka kuwaonyesha ya kwamba yanatuhusu sana, maana deni la jiji hulipwa kutoka katika mfuko ule ule unaotoa mishahara yetu.

Jiji kukopa si jambo geni. Baraza la Jiji la zamani lilikopa ili kuleta maji, kujenga nyumba na kutengeneza barabara. Mwaka 1975 mpango wa viwanja vya Dandora ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vyenye maji na vyoo, watu wajijengee wenyewe. Bwawa la Ndakaini, ambalo hutupatia sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hapa, lilimalizika mwaka 1994 kwa fedha za mikopo. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema bwawa lile lisingejengwa. Kitu kitakachotumika miaka hamsini ni haki kilipwe kidogo kidogo na wale wote watakaokitumia, na si watu wa mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia mkopo ni mbaya. Nimekuja kuwaambia mkopo una sharti moja, na sharti hilo ndilo linalosahauliwa kila mara.

SHERIA INASEMAJE

Tangu mwaka 2013 Baraza la Jiji halipo tena, na mahali pake pana Kaunti ya Jiji la Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 212, inasema kaunti inaweza kukopa ikipata mambo mawili: dhamana ya serikali ya taifa, na idhini ya Bunge la Kaunti. Kisha sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeongeza mambo matatu ambayo kila mwanachama afaa kuyajua kwa moyo.

La kwanza, mikopo ya kaunti itumike kwa maendeleo tu, yaani kujenga, wala isitumike kwa matumizi ya kila siku. La pili, si chini ya asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo. La tatu, mishahara isizidi kiasi kilichowekwa na kanuni, na kanuni za mwaka 2015 ziliweka asilimia 35 ya mapato.

Sasa yatazameni hayo matatu kwa pamoja. Kaunti inaweza kukopa ili ichimbe mtaro wa maji ya mvua, lakini haiwezi kutumia mkopo huo kumlipa mtu wa kuuzibua mtaro mwaka ujao. Mshahara wa mtu huyo ni lazima utoke katika mapato, na mapato yenyewe yana kikomo cha mishahara. Mtaro unaongezeka, watu wa kuutunza hawaongezeki.

Wako watakaosema, basi sheria ibadilishwe, kaunti ikope hata za mishahara. Mimi nasema hapana, na nitawapa mfano wa mbali. Jiji la New York huko Marekani lilikopa miaka mingi, tena mikopo ya muda mfupi, kwa ajili ya matumizi ya kawaida. Mwaka 1975 mabenki yakakataa kuendelea. Nani aliyeumia kwanza? Maelfu ya wafanya kazi wa jiji waliondolewa kazini, na mwezi wa Julai mwaka ule wazoa taka waligoma, taka zikarundikana barabarani. Mwishowe hata fedha za uzeeni za wafanya kazi zilitumiwa kununua hati za mkopo ili jiji lisifilisike. Mshahara unaolipwa kwa deni ni mshahara unaokula mshahara wa kesho.

HESABU YA MTARO

Nitafanya hesabu ndogo, na hesabu hii ni ya mfano tu, nimeitunga ili tuelewane. Tuseme kaunti inakopa Sh. milioni 100 kujenga mitaro ya mtaa mmoja, ilipwe kwa miaka 10, kila mwaka milioni 10 za deni lenyewe, pamoja na riba ya asilimia 12 juu ya deni lililobaki. Mwaka wa kwanza riba ni milioni 12, mwaka wa pili milioni 10.8, inashuka hivyo hivyo hadi mwisho. Jumla ya riba yote ni milioni 66. Mtaro wa milioni 100 umetugharimu milioni 166.

Sasa tuseme watu 20 wanaajiriwa kuitunza mitaro hiyo, kila mmoja Sh. 25,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni Sh. 500,000, kwa mwaka milioni 6, kwa miaka 10 milioni 60.

Mkubwa mmoja atasema, milioni 60 ni nyingi, tutawaita vibarua mvua zikija. Basi mitaro inajaa mchanga na takataka, kuta zinabomoka, na baada ya miaka mitano mtaro umekufa. Je, deni limekufa pamoja nao? Halijafa. Zimebaki milioni 50 za deni na milioni 18 za riba, yaani milioni 68 za kulipia kitu kisichokuwapo. Kaunti imekwepa kulipa watu milioni 60 kwa miaka kumi, ikalipa milioni 68 kwa mtaro mfu. Na mtaro mpya utahitaji mkopo mpya.

Mambo ya mfano huu tunayaona kwa macho. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipofurika Nairobi, watu walikufa na wengine walipoteza nyumba. Mvua ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini mtaro uliozibwa hauwezi kupitisha hata mvua ndogo.

KILELESHWA YETU

Tutazame hapa tulipo. Kileleshwa ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa, nyingi zikiwa za maofisa wa serikali. Leo penye nyumba moja yenye jamaa moja pamesimama jumba la ghorofa kumi au zaidi. Maji machafu ya watu hao wote yanataka kupita, maji ya mvua hayapati udongo wa kunywea kwa sababu kila mahali ni saruji na lami, na yote yanateremka kuelekea Mto Kirichwa. Kila jumba jipya ni kazi mpya kwa fundi wa bomba, kwa mzibuaji wa mtaro, kwa mwangalizi wa taa za barabarani na kwa mzoa taka.

Je, mapato yameongezeka sawasawa na kazi? Hapa ndipo penye fundo. Kodi ya kiwanja katika Nairobi hutozwa kwa thamani ya ardhi, na si kwa thamani ya jengo. Tena kwa zaidi ya miaka 30 jiji lilitumia orodha ya thamani iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwenye ghorofa alihesabiwa kama yule mwenye nyumba ya chini na bustani ya maua. Orodha mpya imetengenezwa katika miaka hii ya karibuni, nasi tunaiunga mkono, kwa sharti kwamba inatozwa kweli kwa wenye viwanja vikubwa, maana mshahara wa mfagiaji unatoka humo.

Na barabara vilevile. Ile barabara ya kuunganisha Kileleshwa na Westlands na Ngong Road ilijengwa katika miaka ya 2010 na KURA, ambayo ni shirika la serikali ya taifa, kwa kusaidiwa na fedha za Umoja wa Ulaya. Ni barabara nzuri, na imetufaa. Lakini mwananchi anayeona taka au maji yamesimama kando yake hamwulizi aliyetoa fedha. Humwuliza mtu mwenye fagio.

VIBARUA WA KUPITA

Sasa nije kwa kuajiriwa kwetu. Tangu kazi ya kuzoa taka ilipoanguka katika miaka ya 1980, mitaa kama huu imezoelewa taka na makampuni, kila nyumba ikijilipia. Mwaka 2020 ulikuja mpango wa Kazi Mtaani wa serikali ya taifa, vijana wakifagia na kuzibua mitaro kwa malipo ya Sh. 455 kwa siku katika awamu ya pili. Mpango ule ulisaidia nyumba nyingi wakati wa korona, kisha ukaisha mwaka 2022. Mwaka 2023 kaunti ilichukua vijana karibu 3,500 wa usafi, waliojulikana kama Green Army.

Siwalaumu vijana hao, ni ndugu zetu na watoto wetu, na mlango wa chama uko wazi kwao. Ninaloulizia ni masharti ya kazi yao. Mtaro hauna kandarasi, nao hujaa mchanga kila mwaka. Kazi isiyokwisha haifai kupewa mtu ambaye ajira yake inakwisha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja asiendelee kuhesabiwa kibarua wa siku. Kishikeni kifungu hicho.

Na kile kikomo cha asilimia 35 kina hila moja ndani yake. Fedha anazolipwa kontrakta wa taka huandikwa katika vitabu kama gharama ya huduma, hazihesabiwi mshahara. Kwa hiyo yaweza kutokea kaunti imewapunguza watu wake na kuonekana imetii kanuni, huku imelipa zaidi kwa kazi ile ile. Tunapoambiwa hakuna nafasi ya kuajiri, tuombe kuonyeshwa vitabu vyote viwili, cha mishahara na cha makontrakta.

DENI AMBALO HATUKUULIZWA

Ndugu zangu, liko deni la namna nyingine. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka ya karibuni zimeiweka Nairobi mbele ya kaunti zote kwa madeni yasiyolipwa, makumi ya mabilioni ya shilingi. Sehemu yake ilirithiwa kutoka kwa Baraza la zamani, nyingine imeongezwa baadaye. Ndani ya madeni ya kaunti zetu mna fedha za uzeeni, zilizokatwa au kuahidiwa kwa wafanya kazi na zisifikishwe katika mifuko yao. Mifuko hiyo imelalamika hadharani mara nyingi.

Kaunti ikitaka kukopa kwa benki, huomba dhamana, huomba idhini, hutia sahihi na hulipa riba. Ikikaa na akiba ya mzee anayestaafu, imekopa bila dhamana, bila idhini na bila kumwuliza mwenye mali. Kabla ya mkopo mpya kuzungumzwa, deni hili litajwe na lipangiwe siku ya kulipwa.

TUTAKAYODAI

Chama cha wafanya kazi wa jiji hili kina historia ya kutazama mambo ya namna hii. Mwaka 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, viongozi kama Makhan Singh na Fred Kubai waliwaambia wafanya kazi wasiende kwenye sherehe, kwa sababu jiji lile halikuwa na nafasi yao. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji alipokusanya wenzake, na kutoka kwa umoja wao kikatokea chama cha wafanya kazi wa serikali za mitaa. Aliijua mitaro ya jiji hili kabla hajawa mkubwa.

Basi naweka mbele yenu mambo manne, ili tawi liyazungumze na kuyapeleka kwa viongozi wetu na kwa madiwani.

1. Kila mradi wa mkopo uje na karatasi yenye kueleza kazi za utunzaji: watu wangapi, wa ufundi gani, na mshahara wao utatoka katika mapato gani. Bila karatasi hiyo, diwani wetu asipige kura ya ndiyo.

2. Kazi za kila mwaka zipewe wafanya kazi wa kudumu, tukianza na wale ambao tayari wanazifanya.

3. Madeni ya uzeeni yatangulie mikopo mipya.

4. Malipo ya makontrakta yawekwe wazi mbele ya wananchi pamoja na mishahara.

Mambo haya hayapatikani kwa kulalamika chini ya mti wakati wa chai. Bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni. Mikutano hiyo mara nyingi viti huwa vitupu. Safari ijayo tuvijaze, tukiwa na hesabu zetu mkononi, na mtu wa kwanza kuulizwa awe ni yule anayetaka kukopa: nani atatunza?

Umoja ni nguvu.